Kufunga kwa waya: kukunja si kufunga

Ukipita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, siku hizi utasikia kila pambo lenye waya unaoonekana likinadiwa kwa jina moja: "Hii ni kazi ya kufunga kwa waya." Kipuli cha ushanga mmoja kinaitwa hivyo. Kidani cha kigae cha kaure alichokitia fedha sonara kinaitwa hivyo. Bangili ya nyuzi za fedha, hivyo hivyo. Hata simbi iliyobandikwa kwa gundi kisha ikavikwa waya kwa urembo tu, nayo inaitwa hivyo. Mnunuzi anaamini, analipa, anakwenda zake. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na katika vitu hivyo vinne huenda ni kimoja tu kinachostahili jina lenyewe, tena kwa sharti nitakalolieleza.

Maana ni fupi. Kufunga kwa waya ni kuunda pambo kwa kupinda na kuzungusha waya mpaka waya wenyewe ushike kila kitu mahali pake, bila moto, bila lihamu (madini yanayoyeyushwa ili kuunga vipande vya fedha au shaba), bila gundi. Wanaokumbuka habari za mtepe, ule mtumbwi mkubwa wa visiwa vyetu ulioshonwa kwa kamba ya usumba pasipo msumari hata mmoja, watalielewa wazo hili upesi. Ukifumua waya unabaki na shanga mkononi, basi.

Kwa hiyo kigae cha sonara kinatoka mapema. Watu wa nje wanaijua sana kazi hii ya Lamu: kipande cha kaure ya Kichina ya zamani, chenye ua la buluu au ukingo wa sahani, hukatwa na kusuguliwa kingo, kisha huundiwa ukuta mdogo wa bamba jembamba la fedha. Ukuta hulehemiwa juu ya kitako cha fedha, kigae hutiwa ndani, na mdomo wa ukuta husukumwa pole pole ukalalia kigae pande zote. Huko ni kupachika. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 962 za Selsiasi, na lihamu sharti iyeyuke kabla yake, lakini si kabla sana. Sonara anafanya kazi katikati ya nafasi hiyo ndogo, akiangalia rangi ya moto. Kuiita kazi yake "ya kufunga kwa waya" ni kumnyima haki yake.

Bangili ya nyuzi nayo inatoka. Pale waya umejaa kweli: nyuzi nyembamba za fedha husokotwa mbili mbili, zikapondwa kidogo, zikapindwa kuwa majani na maua ndani ya fremu. Mafundi wa Yemen na wa Cuttack kule Uhindi wamesifika kwa kazi hiyo tangu zamani. Lakini ua lile halishikwi na mpindo wake. Linashikwa na unga wa lihamu ulionyunyizwa juu yake na kuyeyushwa. Waya ni umbo, lihamu ndiyo inayoshika. Na simbi ya gundi sina haja ya kuijadili.

Kimebaki kipuli cha ushanga mmoja, na kwangu kero yote iko hapa, kwa sababu wanaokosea ni wenzetu tunaofanya kazi hii, si wauzaji tu.

Kuna vitanzi vya aina mbili. Kitanzi cha kukunja ni hiki: unapitisha waya katika ushanga, unaulaza pembe mraba papo hapo juu ya tundu, unabakiza kama sentimita moja, unaushika kwa plaisi ya ncha duara na kuuviringa hadi ncha irudi kugusa ushanga. Kwisha. Ni kitanzi kizuri, ni chepesi, na kina faida yake: unaweza kukifungua tena kwa kukisogeza upande, kama mtu anayefungua mlango (si kwa kukitanua, ukikitanua kinapoteza duara). Ila kina mwanya. Unaweza usiuone, lakini upo, na kinachouziba ni ugumu wa waya peke yake.

Kitanzi cha kufunga kinaanza mbali zaidi. Chukua waya wa milimita 0.8 na ushanga wa milimita 8. Juu ya ushanga acha shingo ya milimita mbili au tatu. Ishike shingo hiyo kwa plaisi ya ncha nyembamba, ulaze waya juu ya taya. Shika mpindo kwa plaisi duara, vuta mkia juu ya taya mpaka ushuke upande wa pili, zungusha plaisi kidogo, maliza duara. Sasa mkia umekatiza shingo kwa pembe mraba. Kabla ya kwenda mbele tia mkufu au kikulabu cha sikio ndani ya kitanzi, kwani ukishafunga hakuna kurudi. Wanafunzi wote huumia hapa. Kisha shika kitanzi kwa plaisi bapa na uuzungushe mkia shingoni, mzunguko wa kwanza chini kabisa ya kitanzi, wa pili ukiugusa wa kwanza, wa tatu ukikaa juu ya ushanga. Kata mkia karibu iwezekanavyo. Bonyeza ile ncha iliyobaki kwa plaisi mpaka ukipitisha kidole isikukwaruze.

Ile mizunguko miwili mitatu ya shingoni ndiyo kufunga. Waya umejishika wenyewe, mwanya haupo, na ukivuta kwa nguvu mwisho utakatika mkufu au utavunjika ushanga, kitanzi kikiwa bado kizima. Kile cha kwanza kikinaswa na leso au buibui kinafunguka kimya kimya, na mwenyewe anagundua nyumbani kwamba sikio moja li tupu.

Nieleze pia kwa nini waya unashika, maana wengi hudhani ni suala la kukaza tu. Shaba na fedha hukakamaa zinapopindwa. Waya uliotoka laini kwenye rola, ukishapindwa na kuzungushwa, ni mgumu kuliko ulivyokuwa, na hautaki kurudi. Lakini ugumu huo una kikomo: ukiupinda waya pale pale mbele na nyuma unakuwa mkavu na kukatika. Ndiyo maana kitanzi cha kukunja kinachofunguliwa na kufungwa kila mara, leo vipuli, kesho mkufu, huishia kuvunjika pale pale kwenye kona. Cha kufunga kimepindwa mara moja kikaachwa.

Na kuhusu unene, tusemezane kwa milimita. Namba za waya huwachanganya watu kwa sababu kadiri namba inavyopanda ndivyo waya unavyokuwa mwembamba, na namba za Uingereza hazilingani na za Marekani. Kwa vipimo vya Marekani namba 20 ni milimita 0.8 na namba 26 ni milimita 0.4. Wa kwanza unafaa kwa vitanzi na fremu, wa pili kwa kuzungushia fremu hiyo, kwa mfano unapokishika kigae kisicho na tundu kwa nyaya mbili tatu zilizolazwa pamoja na kufungwa kila baada ya hatua. Kigae cha namna hiyo, naam, ni kazi ya kufunga kwa waya, ingawa kaure ni ile ile ya sonara.

Namba hizi si ngeni Pwani. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba waya wa shaba nyeupe na nyekundu, masango, kama fedha ya matumizi. Stanley, mwandishi wa habari, alipokuwa akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone mwaka 1871 aliambiwa kwamba namba 5 na 6 ndizo zinazouzika, yaani waya wa karibu milimita tano, na kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu, shanga zikiwa kama sarafu za shaba. Waya ule ulipofika haukukaa robota. Ulizungushwa mkononi ukawa kitindi, mzunguko juu ya mzunguko, kutoka kifundo cha mkono kwenda juu, bila lihamu popote. Wamasai na wengine wa bara waliuvaa hivyo mikononi na miguuni. Basi anayesema kufunga kwa waya ni mtindo ulioletwa na watalii wa Shela na Malindi hajaitazama picha ya zamani hata moja. Kilichokuja juzi ni plaisi ndogo na kikulabu cha sikio.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, sikuombi uache kuuza vitanzi vya kukunja. Vina bei yake na mahali pake, na ushanga mwepesi wa mbegu hauhitaji zaidi. Nakuomba tu, ukiulizwa, ukitazame kipuli chini ya kitanzi kabla ya kujibu. Ukiona waya umezunguka shingoni, sema kimefungwa. Ukiona duara linalokalia ushanga moja kwa moja, sema kimekunjwa, na umwambie mnunuzi asikivae akienda kuogelea. Akitaka kilichofungwa, mpe fundi dakika tano na waya mpya, kwa kuwa ule wa zamani umekatwa mfupi na hautoshi kuzungushwa. Na kigae kilichopachikwa, mwambie ni kazi ya sonara.