Wanga wa siku moja haukurudishii mafuta

Wengi wanaopunguza wanga huamini kwamba ukila mkate au viazi kabla ya mazoezi umeharibu kazi ya wiki nzima. Ushahidi wao ni mizani: jana umekula, leo uzito umepanda kilo nzima. Mizani inasema kweli, ila kilichoongezeka si mafuta.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu 1 ya glikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukirudisha akiba ya gramu 300, maji peke yake yanakaribia kilo 1. Ndiyo maana pia kilo za mwanzo hushuka haraka mno mtu anapoanza kupunguza wanga. Kuongeza kilo 1 ya mafuta kunahitaji ziada ya takriban kalori 7,700, na viazi viwili haviko karibu kabisa na kiasi hicho.

Kwa matembezi, mafuta yanatosha kuendesha misuli. Kwenye mbio za kasi na kunyanyua vyuma, misuli hutegemea sana glikojeni. Ikipungua, miguu huwa mizito mapema. Basi sogeza wanga wako karibu na mazoezi magumu, siku za mapumziko upunguze. Naona huo ndio mpango unaodumu, kuliko kujinyima mpaka ukaacha mazoezi yenyewe. Anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari aongee kwanza na daktari wake, maana huenda dozi ikahitaji kubadilishwa.