Open maana yake nini? Mashindano ya gofu ya tangu 1860 na mlango wake

Ilikuwa Julai, maskani kwetu Mwembetanga, tumekaa na vikombe vya kahawa tunasubiri mpira, TV ya dukani imebaki kwenye chaneli ya gofu, jamaa wamevaa makoti ya mvua, upepo unawapeperusha, na pembeni ya skrini limeandikwa neno moja tu, Open. Ami mmoja hapo, seremala aliyeshaacha kazi, akauliza, "Open ya kitu gani? Kwani kuna siku hufungwa?" Watu wakacheka. Mimi niliwahi kubeba mabegi ya gofu msimu mmoja kwenye hoteli ya huku shamba, kwa hiyo macho yote yakanigeukia, nikajibu ovyo ovyo, nikarudi nyumbani nimeona haya. Jibu nililotakiwa kumpa ni hili.

Open ni mashindano ambayo mlango wake hauna jina la mtu. Pro anayelipwa anaruhusiwa kuomba, mchezaji wa ridhaa mwenye kiwango anaruhusiwa kuomba, awe wa Scotland, wa Japani au wa Chukwani. Kuomba lakini, sio kucheza, na hapo ndo penye mchezo wote, tutafika.

Chukua Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambao nao huangukia Julai. Ukitokea mgeni unakaribishwa, na mwenye nyumba asiyepata mgeni siku ile hujiona kapungukiwa. Sasa chukua harusi ya hotelini, ya kadi, mlangoni kasimama kijana na orodha mkononi. Kwenye gofu zote mbili zipo. Masters ya Augusta kule Marekani, iliyoanza 1934, ni harusi ya kadi, huendi mpaka ualikwe na wenyewe hawafichi. The Open ya Uingereza ambayo ndo mama wa zote, US Open iliyoanza 1895, Kenya Open ya jirani zetu, hizi zinajiita za wazi. Na neno lenyewe sio la gofu peke yake, kwenye tenisi mashindano makubwa yalipowafungulia mapro 1968 ndo watu wakaanza kusema zama za Open, ila kule ilikuwa kinyume, wa ridhaa ndo waliokuwa ndani na mapro wapo nje.

Kichekesho ni kwamba The Open yenyewe ilizaliwa imefungwa.

Mwaka 1859 alifariki Allan Robertson wa mji wa St Andrews, Scotland, ambaye watu wa gofu walimhesabu hana mpinzani, kikabaki kiti kitupu na ubishi wa nani akikalie. Klabu ya Prestwick, pwani ya magharibi ya Scotland, ikaona ubishi uishie kiwanjani. Tarehe 17 Oktoba 1860 wakaja watu 8. Nane tu, hawafiki hata timu ya mpira. Kiwanja kilikuwa na mashimo 12, wakakizunguka mara 3, ikawa mashimo 36, siku moja, kwisha. Kwenye gofu anayepiga mikwaju michache ndo mshindi: Willie Park wa Musselburgh akamaliza kwa mikwaju 174, na Tom Morris, ambaye ndo alikuwa mtunza kiwanja hicho hicho cha Prestwick na kila jani la pale analijua, akamaliza kwa 176. Kufungwa nyumbani kunauma, muulize yeyote aliyewahi kukaa Amani jukwaani.

Wote 8 walikuwa mapro, wa ridhaa hawakuruhusiwa. Lakini usimfikirie pro wa leo mwenye ndege yake. Pro wa siku zile alikuwa mtu wa kazi, anachonga fimbo, anatengeneza mipira, anakata nyasi, anabeba mabegi ya mabwana wanaocheza kwa starehe. Klabu zilipoandikiwa barua zilete watu wao ziliombwa zilete makedi wanaojulikana na wenye heshima zao, yaani kwa lugha ya mtaani, tuletee wabeba mizigo ila tafadhali wasije walevi. Na kila kikundi kikapewa bwana wa kukifuata nyuma kuhesabu mikwaju, maana hawakuaminiwa kuhesabu wenyewe. Mie niliyebeba begi la kilo kadhaa kwenye jua la saa saba nikisoma hayo najua kabisa nipo upande gani wa hadithi.

Basi mwaka uliofuata, 1861, Prestwick ikatangaza kwamba mashindano yapo wazi kwa dunia nzima. Hapo ndo neno lilipoingia. Wa ridhaa wakaja, na Tom Morris safari hii akashinda, akashinda tena 1862 kwa tofauti ya mikwaju 13, ambayo hata kwenye mchezo wa watoto ni kipigo. Pesa? Hakuna. Zawadi ilikuwa mkanda, kama wa bondia, ngozi nyekundu ya Morocco na bizimu la fedha. Pauni za kwanza zilitolewa 1863, pauni 10, nazo wakagawiwa wa pili, wa tatu na wa nne, bingwa akaambiwa wewe si una mkanda. Mwaka 1864 ndo bingwa naye akapewa pauni 6. Mwaka 2024 bingwa Xander Schauffele aliondoka na dola milioni 3.1, tuseme tu vitu vimepanda bei.

Sharti la mkanda lilikuwa hili: ukiushinda mara tatu mfululizo unakuwa wako moja kwa moja. Waliotunga sharti hilo nadhani hawakutegemea lifanye kazi. Akaja mtoto wa Tom Morris, naye anaitwa Tom, akashinda 1868 akiwa na miaka 17, akashinda 1869, akashinda 1870, akauchukua mkanda akaenda nao nyumbani. Ni sawa na Brazil walivyobeba moja kwa moja lile kombe la zamani la dunia mwaka 1970, miaka mia kamili baadaye, ila wao hawakulazimika kushinda mfululizo. Sasa Prestwick wakabaki hawana kitu cha kushindaniwa. Na 1871 mashindano hayakuchezwa kabisa! Hakukuwa na vita wala maradhi, zawadi tu ndo haipo. Maradhi yalikuja kuyasimamisha 2020, vita viliyasimamisha kuanzia 1915 hadi 1919 na tena 1940 hadi 1945, lakini mwaka mmoja ulipotea kwa sababu kijana wa miaka 19 alicheza vizuri kupita kiasi.

Mwaka 1872 klabu tatu, Prestwick, ile ya St Andrews na ile ya Edinburgh, zikachanga pauni 10 kila moja zikaagiza chombo kipya, jagi la fedha la kumiminia mvinyo. Ukiiona picha yake utasema dele la kahawa lililonyooka shingo, kwetu tungetilia juisi ya ukwaju. Yule yule Tom mdogo akashinda tena, jagi halijawa tayari, akapewa medali, jagi lenyewe wa kwanza kukabidhiwa alikuwa Tom Kidd mwaka 1873. Lakini jina la kwanza kuchongwa pale ni la Tom mdogo. Alifariki siku ya Krismasi 1875, miaka 24 tu, miezi michache baada ya mkewe kufa kwenye uzazi pamoja na mtoto. Baba yake aliishi mpaka 1908.

Baada ya hapo mashindano yakakua, nitapita haraka. Kuanzia 1892 yakawa mashimo 72, kama yalivyo hadi leo. Mwaka 1894 yakatoka Scotland kwa mara ya kwanza yakaenda Sandwich, kusini mwa England. Mwaka 1907 Mfaransa Arnaud Massy akashinda, mgeni wa kwanza. Harry Vardon akachukua mara 6, na rekodi hiyo haijavunjwa. Prestwick yenyewe iliacha kuandaa baada ya 1925, watazamaji walizidi kiwanja. Kitu ambacho hakijabadilika ni bahari: The Open huchezwa kwenye viwanja vya pwani tu, ardhi ya mchanga, nyasi ngumu, miti hakuna, upepo unafanya utakavyo. Mvuvi wa Nungwi angeelewa haraka kuliko mimi, huwezi kuupiga mpira kuelekea unakotaka uende, unaupiga unakotaka upepo uuchukulie.

Sasa turudi kwenye mlango, maana kuna milango miwili. Kiwanja kilikuwa wazi, lakini nyumba ya klabu, pale pa kubadilisha nguo na kunywa chai, ilikuwa ya mabwana. Mwaka 1920 The Open ilichezwa Deal, England, akaja Mmarekani Walter Hagen, pro anayependa kuvaa, akaambiwa mapro hawaingii ndani. Hakubishana. Akakodi gari la kifahari akaliegesha mbele ya mlango wa klabu, siku zote za mashindano akawa anabadilishia nguo humo ndani ya gari huku mabwana wanamtazama dirishani. Mwaka ule alimaliza karibu na mkiani kabisa, ila 1922 alirudi akachukua jagi.

Mbaya zaidi ni ya Durban, ufukwe wa bahari hii hii yetu. Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, alianza kama kedi, akashika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini, hakuna aliyemfundisha. Alishinda Dutch Open 1959 na 1960. Mwaka 1963 akashinda Natal Open, mashindano yanayoitwa Open kama mengine, na ulipofika wakati wa kukabidhi kombe wazungu walikuwa ndani ya nyumba ya klabu, yeye kwa sheria za ubaguzi haruhusiwi kuingia, akakabidhiwa nje mvua inanyesha. Picha hiyo ilizunguka dunia. Kwa hiyo ami akiuliza kwani kuna siku hufungwa, jibu ni ndio, na bango la Open likiwa limening'inia pale pale. Hata Mnazi Mmoja petu zama za ukoloni kulikuwa na gofu ya wazungu, na ni hapo hapo watu wa Ng'ambo walipokuwa wakipigia mpira. Na Muirfield, kiwanja kimoja kikubwa cha The Open, wanachama walipiga kura mpaka 2017 ndo wakakubali wanawake wajiunge, na walikubali baada ya kunyimwa uenyeji.

Leo inakuwaje? Wanaocheza ni 156. Wengi wanaingia moja kwa moja, wale wa juu kwenye orodha ya ubora wa dunia, mabingwa wa zamani, walioshinda mashindano fulani fulani. Hao ni kama wenye kadi, tusidanganyane. Nafasi chache zinazobaki ndo za mchujo, na mchujo ndo Open ya kweli: mwalimu wa gofu wa klabu ndogo, mwanafunzi wa chuo, pro aliyechoka, wote siku moja mashimo 36, wachache wanapita wengine wanarudi kazini Jumatano. Wa ridhaa anatakiwa awe na handikapu karibu na sifuri, yaani mtu ambaye hahitaji kupunguziwa mikwaju.

Mwaka 1976 Maurice Flitcroft, dereva wa kreni kutoka Barrow, aliona hilo sharti la handikapu linamhusu mtu wa ridhaa tu. Yeye handikapu hana. Kwa hiyo kwenye fomu akajiandika pro. Akapokelewa, akaenda kwenye mchujo, akapiga mikwaju 121, mibaya kuliko yote katika historia ya mashindano. Wakubwa wa gofu wakakasirika kweli kweli, wakamfungia, na yeye miaka iliyofuata akawa anarudi kwa majina ya bandia. Wapo wanaosema aliudhalilisha mchezo. Mimi naona aliliamini neno kuliko wenye neno.

Na mchujo una upande wa pili. Mwaka 1999 pale kiwanja cha Carnoustie, Scotland, Mskoti Paul Lawrie aliingia kwa mchujo, siku ya mwisho akaanza akiwa nyuma mikwaju 10. Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho anaongoza kwa mikwaju 3, akapiga huku, akapiga kule, mpira ukaingia kwenye kijito, akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia majini akasimama anautazama mpira unazama taratibu. Wakaishia kucheza mashimo ya ziada, Lawrie akashinda.

Huku kwetu Afrika Mashariki mkubwa ni Kenya Open, tangu 1967, ilianzia Muthaiga, Nairobi. Seve Ballesteros alishinda pale 1978 kabla hajachukua jagi la Uingereza mwaka uliofuata. Wakenya bado wanaisimulia 1998, Jacob Okello alipofika mpaka mashimo ya ziada akapoteza.

Yote haya nilimweleza ami jioni nyingine, nikamletea na mpira mmoja wa gofu niliokuwa nao kabatini, akaugeuza geuza kidoleni, vile vishimo vyake akasema ni chuma cha vitumbua cha sisimizi. Nikamwambia na lile jagi bingwa anakaa nalo mwaka mmoja tu, kisha analirudisha, na hilo lenyewe ni nakala, la asili halitoki St Andrews tangu miaka ya 1920. Akaniangalia.

"Kwa hiyo unashinda dunia nzima, unapewa dele la bandia, na hilo la bandia nalo unarudisha?"

Nikamwambia ndio.

"Yule kijana wa mkanda ndo alikuwa na akili," akasema, akaomba kahawa nyingine.