Je, wajua nyumba nzima ya kijiji cha Kituruki huhamishwaje hadi makumbusho?

Katika wilaya ya Altındağ, jijini Ankara, kuna makumbusho ya wazi yaitwayo Altınköy. Humo hukuti kabati za vioo zenye vitu visivyoguswa. Ni kijiji hasa: nyumba za mbao, msikiti, shule, duka, kinu cha kusagia nafaka, vyote vimepangwa ili mgeni aone jinsi Waturuki wa mashambani walivyoishi kabla ya trekta na umeme kuwafikia.

Nyumba za magogo za namna hii asili yake ni kaskazini, kwenye milima yenye misitu upande wa Bahari Nyeusi. Ankara yenyewe imekaa kwenye nyika kavu ambako mti mkubwa ni wa kutafuta. Sasa nyumba nzima ya magogo, yenye ghorofa, inawezaje kutolewa ilikojengwa na kusimamishwa kwenye makumbusho mamia ya kilomita mbali?

Jibu liko kwenye kona. Ukifika mbele ya nyumba ya magogo, acha kwanza mlango na paa, nenda ukatazame pale kuta mbili zinapokutana. Utaona kila gogo limechongwa mwanya karibu na ncha yake, na ndani ya mwanya huo limelala gogo la ukuta wa pili, nalo likiwa limechongwa vilevile. La juu linaliuma la chini, na linalofuata linayabana yote mawili. Ncha zinachomoza nje kidogo kupita kona. Mafundi wa Kituruki hukiita kiungo hiki kurtboğazı, na hakina hata msumari mmoja. Uzito wa nyumba yenyewe ndio unaokaza kila kitu.

Ni rahisi kudhani kwamba walikwepa misumari kwa sababu ya umaskini tu. Kweli, chuma kilikuwa ghali na msonobari ulikuwa nyuma ya nyumba. Lakini mbao haitulii: majira ya mvua hunywa unyevu ikafura, kiangazi hukauka ikasinyaa. Ukiipigilia msumari, mbao itajongea na msumari utabaki palepale, matokeo yake ni ufa. Magogo yaliyoumana yana nafasi ya kujongea bila kuachana. Tena kaskazini mwa Uturuki kunapita ufa mkubwa wa matetemeko wa Anatolia ya Kaskazini (Anatolia ni sehemu ya Uturuki iliyo upande wa Asia). Ardhi inapotikisika, kona hizi hutoa mlio, hupinda kidogo, kisha hurudi mahali pake, ilhali ukuta mzito wa mawe yaliyoshikwa kwa udongo humwagika.

Na kilichofungwa bila msumari hufunguka bila kuvunjika. Hapo ndipo makumbusho yanapopata njia. Kwanza nyumba hupigwa picha na kuchorwa pande zote. Kisha kila gogo, boriti na ubao hupewa alama yake: ukuta upi, mstari wa ngapi kutoka chini. Mafundi huanza kuibomoa kutoka juu, vigae vya mbao kwanza, halafu kenchi, dari, na magogo moja baada ya jingine. Kwenye makao mapya hujengwa msingi wa mawe, kisha kazi hurudiwa kinyume, kutoka chini kwenda juu. Magogo ya chini kabisa ndiyo huwa yameoza mara nyingi kwa kuwa karibu na ardhi, na hayo hubadilishwa kwa mbao ya aina ileile. Njia hii ina umri mrefu: Artur Hazelius aliitumia kukusanya nyumba za wakulima wa Uswidi katika Skansen, makumbusho aliyoyafungua Stockholm mwaka 1891.

Ndani ya nyumba kuna mengi ya kuona, na mimi ningekaa zaidi kwenye chumba kimoja tu. Chini ni zizi la ng'ombe na kondoo, kwa sababu wakati wa theluji joto la wanyama hupanda juu kwa watu. Ghorofani, chumba kina mabenchi ya mbao chini ya madirisha, meko, na ukuta mmoja uliofunikwa wote kwa kabati. Asubuhi magodoro hukunjwa na kuingizwa kabatini. Wakati wa chakula sinia kubwa huwekwa katikati na watu huketi kulizunguka. Usiku magodoro hutandikwa tena. Fungua bawa moja la kabati hilo na utakuta nafasi finyu ya kutosha mtu mmoja, yenye sakafu ya kupitisha maji: ni bafu. Nyumba moja ilibeba vizazi vitatu, na kila mwana aliyeoa alipewa chumba chake. Mume na mke waliweza kuoga josho lao alfajiri bila kupita mbele ya wakwe. Kwa ubao wa mlango mmoja, fundi aliwahifadhia watu stara yao.

Lakini kuna jambo ambalo makumbusho ya magogo hayawezi kukuonyesha. Vijiji vingi vya Anatolia ya kati havikujengwa kwa mbao. Vilijengwa kwa kerpiç, matofali ya udongo na majani makavu yaliyoanikwa juani, na juu paa bapa la udongo. Juu ya paa hilo huwekwa jiwe la mviringo lenye umbo la pipa, ambalo mwenye nyumba alilivingirisha huku na huku baada ya mvua ili udongo ushikamane usivuje. Nyumba ya hivyo ukiibomoa umebaki na kifusi. Sensa ya mwaka 1927 ilikuta takriban robo tatu ya Waturuki wanaishi vijijini. Kuanzia miaka ya 1950 wakaanza kumiminikia Istanbul, Ankara na Izmir, na baada ya mkataba wa kazi wa 1961, Ujerumani pia. Nyumba ya udongo isiyo na mtu wa kuipiga lipu haichukui miaka mingi kurudi ardhini.

Dar es Salaam walikabili tatizo hilihili. Kijiji cha Makumbusho kilichoko Barabara ya Bagamoyo kina nyumba za fito, udongo na nyasi za makabila mbalimbali ya Tanzania, na nyumba kama hizo hazipandi lori. Zilijengwa mpya palepale makumbushoni, na hudumu kwa kukandikwa na kuezekwa tena.

Ukipanga safari ya Uturuki, ongeza siku moja ya Cumalıkızık, kijiji kilicho chini ya mlima Uludağ karibu na Bursa, kilichoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014. Nyumba zake zina mawe chini, na juu fremu za mbao zilizojazwa udongo. Hazikuhamishwa popote, na watu bado wanalala humo.