Sifa si Ruhusa: Kijana Shujaa Bado ni Mtoto

Mto Mathare hapa Nairobi ukivunja kingo zake, hakosekani kijana anayejitosa majini kumtoa mtoto wa jirani, wala hakosekani mtu wa kumrekodi. Kufikia jioni video imezunguka mtaa mzima. Siku chache baadaye mamake anafika kwetu akiuliza afanye nini.

Hatuna ugomvi na anayesifu. Taabu iko kwenye vinavyofuata: jina kamili, picha akiwa na sare ya shule, mlango wa nyumba yao, nambari ya simu "ili tumchangie". Hiyo nambari watu huichukulia kuwa jambo dogo. Mtoto hasajili laini mwenyewe. Husajiliwa na mzazi. Ukituma hata shilingi 50, jina la mama linajitokeza. Hivyo umemtangaza mtu ambaye hata hakuwa mtoni.

Kisha sifa hugeuka. Wanatokea wanaouliza pesa za mchango zimekwenda wapi, wanaofukua utani alioandika akiwa na miaka 13, wanaoapa kwamba video ilipangwa. Kijana wa miaka 16 anaanza kukwepa matatu kwa sababu makanga wanamtambua. Akikataa kupigwa picha, anaringa. Na yale aliyoyaona majini hakuna aliyemuuliza. Kwa hilo, simu ya watoto ya 116 hailipishwi na anaweza kupiga mwenyewe.

"Lakini alikuwa mahali pa umma!" Tunaambiwa hivyo kila mara, na kwa kweli inachosha. Barabara ni ya umma, mtoto si wa umma. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, tena kwa namna inayolinda maslahi yake. Ni idhini ya mzazi, si ya mwalimu mkuu wala ya chifu. Mwaka wa 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Wanahabari wana nafasi yao chini ya kifungu cha 52, kwa habari yenye maslahi kwa umma. Duka linalobandika sura ya kijana kwenye tangazo la viatu halina nafasi hiyo, hata likiandika "hongera".

Utaratibu ni huu. Kwanza mwandikie mwenye ukurasa umtake aiondoe picha au video hiyo. Akikaidi, lalamika kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo ya ulinzi wa data, kwa maandishi au kwa mdomo. Ukilalamika kwa mdomo, maneno yako huandikwa. Anayelalamikiwa hupewa siku 21 kujibu, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Anayepuuza ilani ya utekelezaji, yaani amri ya Kamishna ya kurekebisha kosa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Faini ya kiutawala, inayotozwa na Kamishna mwenyewe, ni jambo tofauti: haizidi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kilicho kidogo. Vitisho ni vya polisi, si vya Kamishna: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 27, inaweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Wanaodhani kwamba maneno ya mtandaoni ni upepo tu wakisome kifungu hicho.

Mzazi pia asiikimbilie kamera. Ukishakubali mahojiano matano, bado unaweza kuondoa idhini yako, lakini nakala zitakuwa zimeshasambaa.

Jambo la mwisho, ingawa hufanywa kabla ya yote, ni ushahidi. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na jina la ukurasa, uhifadhi kiungo, ndipo udai iondolewe. Wengi hulazimisha ifutwe kwanza, kisha hutukasirikia tunapowauliza walikuwa wameona nini.