Mjue Moses Tladi, shamba boi aliyechora milima

Kila nikizungusha wanafunzi hapa makumbusho kuna swali halikosi, eti kuchora mlima na miti nayo ni sanaa au ni pambo la sebuleni tu? Siku hizi sibishani nao, nawapa stori ya Moses Tladi wa Afrika Kusini.

Tladi ni wa kabila la Wapedi, kazaliwa 1903 Sekhukhuneland, kaskazini mwa Afrika Kusini, baba mganga wa jadi, mama mfinyanzi, shule kasoma ya misheni ya Kilutheri na darasa la uchoraji hajaliona. Akiwa na miaka 10 tu ikatoka ile sheria ya ardhi ya 1913 iliyowabakizia Waafrika kama asilimia 7 ya nchi nzima, sasa hapo utalima wapi, ndo maana vijana wakawa wanamiminika Johannesburg kutafuta vibarua na yeye akaenda. Kazi aliyoipata ni ya shamba boi, kwa mzungu mmoja Herbert Read, nyumba inaitwa Lokshoek, mtaa wa Parktown, huko kwa matajiri juu kwenye kilima. Na huko juu hewa ikiwa safi unaiona mpaka safu ya Magaliesberg kule kaskazini, kwa hiyo jamaa anafyeka nyasi huku mbele yake pamelala picha.

Akaanza kuchora kwa vijiti na mabaki ya rangi za nyumba. Wabongo hapo mtamkumbuka Edward Tingatinga, naye alishafanya kazi za bustani na naye alianza na rangi za kawaida za dukani, ila huyo ni miaka ya sitini, Tladi kamtangulia kwa kama miaka 40. Read alipoziona zile kazi hakumfukuza, akamtafutia rangi za mafuta na vifaa, akamuunganisha na rafiki yake Howard Pim, mhasibu aliyekuwa anakusanya sanaa, huyo akawa anamnunulia picha na kumtafutia maonyesho.

Hapa naomba niwachoshe kidogo na ufundi. Ukitaka mlima uonekane uko mbali huupaki rangi yake halisi, unaupaka buluu hafifu na kingo zake unazififisha, maana hewa katikati inakula rangi, halafu majani ya karibu ndo unayapa kijani na kahawia iliyokolea. Vyuo vya Ulaya vilikuwa vinafundisha hayo miaka na miaka, huyu kayapata kwa kukodoa macho. Na ukumbuke alikuwa anachora muda ambao sio wa bosi.

1929 kazi zake zikaonyeshwa na South African Academy hapo Johannesburg, 1931 zikafika South African National Gallery, jumba la sanaa la taifa kule Cape Town, akawa mwafrika mweusi wa kwanza kuonyesha kazi mle. Gerard Sekoto, mchoraji mweusi ambaye wengi ndo wanamjua, picha yake ilinunuliwa na jumba la sanaa la Johannesburg 1940, yaani miaka 9 mbele.

Sasa cheki hii. Miaka ile ile Tladi anaanza kuonyesha kazi, Pierneef, mchoraji mzungu maarufu kweli kweli, alipewa tenda ya kupamba stesheni ya treni ya Johannesburg, akatoa picha 32, veld pana (yaani mbuga za nyasi za huko), mawingu makubwa, nchi inaonekana tupu kama haina wenyewe. Fundi alikuwa, simnyimi haki yake. Ila mweusi naye kuchora mandhari enzi zile si jambo dogo, maana wanunuzi walizoea kumuona mwafrika ndani ya picha, kakaa nje ya kibanda chake, sio yeye ndo anashika brashi na kuamua nchi itazamwe kutokea wapi. Tladi kachora milima, miti, mpaka mgodi wa Crown Mines.

Pim akafariki 1934 na milango ikaanza kupungua. Tladi akaendelea kuchora, yuko na mke na watoto kwenye nyumba ya familia mtaa wa Kensington B, na hiyo nyumba kaichora pia. Mimi ndo picha yake ninayoipenda kuliko zote. Kisha zikaja sheria za ubaguzi za kugawa mitaa kwa rangi ya ngozi, 1956 familia ikahamishwa kwa lazima kwenda huko tunakoita Soweto leo, na tangu siku hiyo hakushika tena brashi. 1959 akafariki.

Picha zikabaki majumbani, nyingine kwa binti zake, nyingine kwa ukoo wa Read, kwa miaka mingi hakuna aliyeziulizia. 2009 mjukuu wa Read akatoa kitabu juu yake, na 2015 National Gallery ile ile ya Cape Town ikamfanyia maonyesho yake peke yake, miaka 84 baada ya ile ya kwanza. Nyumba ya Kensington B ikawepo ukutani humo.