Kikosi ninachokitaka kambini: timu ya Pemba ipangwe kwa ajili ya Januari

Ligi ikimalizika tu, barza za Chake na Wete, vijiwe vyetu vya mazungumzo hapa Pemba, huanza kusajili. Viongozi hawajakaa hata kikao kimoja, lakini maskani yameshamleta straika kutoka Bara, yameshamuuza kipa na yameshapanga kumi na moja wa mechi ya ufunguzi. Napenda sana mazungumzo hayo, na mimi mwenyewe huwa nimo. Ila kazi yangu ni ukocha wa viungo. Ninachoangaliana nacho kila siku ni miili ya wachezaji, na kwa jicho hilo naona vikosi vyetu vingi vinapangwa kwa ajili ya mechi ya kwanza. Kikosi changu ningekipanga kwa ajili ya Januari.

Kambi zetu za maandalizi huangukia Julai na Agosti, kusi likiwa limekaza. Joto la mchana ni nyuzi 28 hivi, upepo haupumziki, na jasho linakauka kabla ya kudondoka. Mchezaji akikimbia uwanja wa Gombani saa 10 jioni anajiona ana pumzi za kumaliza mechi mbili, mwalimu anaridhika, viongozi wanaridhika. Kaskazi, upepo wa Disemba hadi Machi, ikiingia mambo yanageuka. Joto linafika nyuzi 32 na kuzidi, hewa imejaa unyevu, jasho linatoka kwa wingi lakini linabaki mwilini. Jasho lisilokauka halipoozi mwili, linamaliza maji tu. Ongeza nyasi bandia zilizokula jua tangu asubuhi, moto unapanda kupitia soli za viatu. Yule yule aliyeonekana farasi mwezi wa Agosti unamkuta dakika ya 60 kashika magoti.

Januari hiyo hiyo ndiyo ya Kombe la Mapinduzi, lililoanza mwaka 2007, na macho ya Bara yote yanakuwa huku. Mlandege walilichukua mara mbili mfululizo, 2023 mbele ya Singida Big Stars na 2024 mbele ya Simba. Mwaka 2025 likachezwa na timu za taifa, tena hapa hapa Gombani, na Zanzibar Heroes wakawafunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Anayeng'ara kwenye mashindano hayo simu yake hailali. Na hapa pana jambo ambalo barza hulisahau: ligi ya Bara inaweka kikomo kwa wachezaji wa kigeni, na Mzanzibari si mgeni kule. Kijana wetu mzuri anapata nafasi bila kula nafasi ya Mkongo au Mghana. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM kwenda Yanga dirisha dogo la usajili la Januari 2022, na leo ni miongoni mwa mabeki wa kati bora nchini. Feisal Salum alipita JKU kabla ya Bara kumjua. Timu itakayojenga safu yake yote juu ya kijana mmoja mwenye kipaji ijiandae kumuaga katikati ya msimu.

Halafu inakuja Ramadhani. Inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2026 iliangukia Februari, na mwaka 2028 inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari. Mazoezi yanahamia usiku baada ya tarawehe, usingizi unapungua, mlo unabadilika. Joto, wanunuzi na saumu vinakaribia kupangana mstari mmoja. Kikosi kisichohesabu hayo mwezi wa Julai kitayahesabu baadaye kwenye msimamo wa ligi.

Kwa timu ya Pemba mzigo ni mkubwa zaidi. Ubingwa wa mwisho kuvuka bahari kuja huku ulikuwa wa Super Falcon, msimu wa 2011/12. Kabla yake Jamhuri ya Wete walikuwa wameuchukua mwaka 2003. Tangu Super Falcon ni Unguja tupu: KMKM, Mafunzo, Zimamoto, JKU, Mlandege. Tazama majina hayo, manne kati ya matano ni ya vikosi vya serikali. Mchezaji wa kikosi ni muajiriwa. Mshahara wake hausubiri mapato ya mlangoni, anakaa na wenzake miaka mingi, na kambi kwake ni kukumbushana tu. Timu ya uraiani inaanza upya kila Julai. Hilo silisemi kwa kulalamika, ndivyo hali ilivyo, na ndiyo maana kikosi cha uraiani lazima kipangwe kwa akili nyingi kuliko pesa. Mlandege ni timu ya uraiani, na walikuwa mabingwa 2019/20 wakarudia 2024/25, kwa hiyo njia ipo.

Basi mimi ningeingiza kambini wachezaji 26. Majina sitayaweka hapa, kwa sababu wengi ninaowafikiria hawajasaini popote, na kumtaja kijana mapema kunampandishia bei au kunamharibia. Nitasema aina ya mchezaji ninayemtaka kila nafasi. Makipa ni watatu, mabeki tisa, viungo wanane, washambuliaji sita. Kati ya hao, sita ni vijana kutoka madaraja ya chini: kipa wa tatu, beki mmoja wa kati, beki mmoja wa pembeni, viungo wawili na winga mmoja.

Sheria yangu ni jozi. Kila nafasi iwe na watu wawili wasiofanana. Tangu 2022 kubadilisha wachezaji watano kumekuwa sheria ya kudumu ya mpira, maana yake karibu nusu ya timu ya ndani inaweza kubadilika kabla ya filimbi ya mwisho. Anayeingia dakika ya 60 akiwa nakala ya aliyetoka, mpinzani haimsumbui. Akiwa wa aina nyingine, beki aliyekwisha kumzoea wa kwanza anaanza kujifunza upya huku kachoka.

Pa kuanzia ni namba sita, kiungo mkabaji, na hapo ndipo ningetumia fedha nyingi kuliko pengine popote. Barza zitanipinga, zitasema pesa ziende kwa mfungaji. Hebu mtazame namba sita mzuri mechi moja nzima bila kuutazama mpira. Utamwona anageuza shingo kulia na kushoto kabla pasi haijamfikia, anapiga hatua mbili tatu tu, tayari amekaa kwenye njia ya pasi ya mpinzani. Hatua zake tatu zimewaokoa viungo wenzake mbio za mita thelathini kurudi nyuma. Kwenye joto la kaskazi, mtu wa namna hiyo ni akiba ya pumzi za timu nzima. Ningemtafuta mwenye miaka 27 au 28, aliyecheza Ligi Kuu misimu kadhaa, ambaye timu za Bara hazimwangalii tena kwa sababu hana mbwembwe. Januari hatuondokei. Jozi yake awe mtu mwenye miguu mirefu na mbio, wa kuingia tunapoongoza bao moja na mpinzani anarusha mipira mirefu.

Mabeki wa kati ningetaka wanne. Mmoja wa kuruka na kugombana, mmoja wa kusoma na kufagia nyuma yake, wa tatu awe na uwezo wa kufanya yote mawili kwa kiasi, wa nne kijana. Kusi likivuma mpira wa juu unabadilisha njia hewani, na beki anayeusubiri udunde badala ya kuufuata ameshaigharimu timu bao. Hilo ningelifanyia mazoezi kila wiki: mipira mirefu, upepo usoni, halafu upepo mgongoni.

Wa pembeni ni watano: beki mbili (wa kulia) wawili, beki tatu (wa kushoto) wawili, na yule kijana anayeweza kucheza pande zote. Wenye mguu wa kushoto wa kweli ni adimu, kwa hiyo akipatikana mmoja kwenye mashindano ya skuli au daraja la kwanza, achukuliwe hata kama bado mbichi.

Viungo wengine sina maneno mengi: namba nane, viungo wa kati, watatu wa kukimbia, namba kumi, mchezeshaji, mmoja, na vijana wawili wa kukulia chini yao. Makipa vile vile. Wawili wanaolingana uwezo washindane, wa tatu ajifunze.

Mbele nataka mawinga wanne na mastraika wawili, wote wa visiwani. Najua hamu ya straika kutoka Bara. Lakini fikiria mwenendo wake: anafika Agosti, anazoeana na wenzake hadi Oktoba, akifunga mabao matano sita kabla ya mwaka mpya yeye ndiye wa kwanza kununuliwa Januari. Asipofunga tumebaki na mshahara wake. Fedha hizo ziwasomeshe mawinga wawili kupiga krosi ya chini kwa mguu wowote, mabao yatapatikana.

Sasa kuhusu wale vijana sita. Hawaji kambini kubeba koni. Kila mchezaji ninayemtabiria kuuzwa Januari anapangiwa kijana wake tangu siku ya kwanza. Wanafanya mazoezi kwenye kundi moja, wanatazama mkanda wa mechi pamoja, na kwenye mechi za kirafiki kijana anacheza dakika 30 za mwisho kila mara. Timu ya Bara ikipiga simu, tunamuaga ndugu yetu kwa furaha, na wiki inayofuata nafasi yake ina mtu anayejua pa kusimama.

Kuchagua 26 kutoka kwa arubaini watakaokuja kujaribiwa kunataka vipimo, maana macho hudanganywa na jina. Cha kwanza ni yo-yo. Unaweka koni mbili umbali wa mita 20, mchezaji anakwenda na kurudi kwa kufuata mlio, anapata sekunde kumi za kutembea, kisha mlio unaongeza kasi. Akichelewa mara mbili anatoka. Kinahitaji spika tu na kipande cha uwanja, na kinakaribiana na mpira wenyewe kwa sababu ni mbio, kupumzika kidogo, mbio tena. Ningekifanya mara mbili: siku za mwanzo, na tena wiki ya mwisho ya kambi. Kijana anayepanda sana kati ya vipimo hivyo viwili namtaka kuliko aliyeanza juu akabaki pale pale.

Cha pili ni mizani. Hiki nakipenda kwa moyo wote, na timu nyingi hazikifanyi. Mchezaji anapimwa akiwa na bukta tu kabla ya mazoezi, na tena baadaye akishajifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Mtu wa kilo 70 akipoteza zaidi ya kilo moja na nusu ameshavuka asilimia mbili ya uzito wake, na hapo mbio na maamuzi vinaanza kushuka. Baada ya wiki mbili unamjua kila mtu: huyu anamwaga maji mengi, huyu kidogo. Mwagaji anywe maji yenye chumvi kidogo na sukari, kwa kiasi chake, si kwa kiasi cha jirani yake. Madafu yapo kila kona ya Pemba na yanasaidia, ila chumvi yake ni chache, hayatoshi peke yake.

Tatu, nyama za nyuma ya paja. Hizi ndizo zinazotunyima wachezaji katikati ya msimu. Zoezi lake halitaki mashine: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, unajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka hadi usipoweza kujizuia. Tafiti zimeonesha linapunguza majeraha hayo kwa kiasi kikubwa, hata nusu. Mara ya kwanza linauma, siku mbili mchezaji anashuka ngazi kwa kushika ukuta, na wengi huliacha hapo. Kwangu asiyelifanya hachezi.

Joto lenyewe mwili unalizoea kwa siku kumi hadi kumi na nne za mazoezi juani, na ukiacha wiki chache unasahau. Kwa hiyo kulizoea mwezi wa Agosti ni kazi ya bure. Ningeweka kambi ndogo ya pili siku za mwisho za Disemba, mazoezi saa 8 mchana, mafupi, maji tele, mizani ikiwepo. Kambi hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu Julai, kwa sababu Disemba hakuna atakayeipatia fedha.

Mechi za kirafiki tano zinatosha. Nne huku kwetu, Gombani na Wete, na timu za daraja la kwanza, ambazo zinatucheza kwa hasira na hicho ndicho tunachokitaka. Ya tano iwe Unguja, dhidi ya timu ya kikosi, na tusafiri kwa boti kutoka Mkoani kama tutakavyosafiri msimu mzima. Waende 20. Wakati wa kusi mkondo wa Nungwi haumwonei mtu haya, na mchezaji aliyetapika njiani anashuka bandarini Malindi akiwa amepungua maji kabla hajavaa viatu. Tuvuke siku moja kabla, tupime uzito jioni hiyo hiyo, tupime tena asubuhi. Ambaye kilo zake hazijarudi anaanzia benchi, hata akiwa nahodha.