Kuchoma CD ya muziki yenye faili za MP3 ndani yake

CD moja inaweza kupiga kwenye deki yoyote ya kawaida, na ukiiweka kwenye kompyuta ikakupa folda ya MP3 za kuhamishia kwenye simu. Siri yake ni kuichoma mara mbili: sesheni (awamu ya kuchoma) ya kwanza muziki mtupu, ya pili faili. Philips na Sony waliuweka mpangilio huu kwenye Kitabu cha Buluu (Blue Book), waraka wa viwango vya CD, mwaka 1995, na kwenye programu za kuchomea utaukuta kwa jina la CD Extra au Enhanced CD.

Lazima muziki utangulie. Deki husoma orodha ya nyimbo ya sesheni ya kwanza na kuishia hapo, ilhali kompyuta hutafuta faili kwenye sesheni ya mwisho. Upo mtindo wa zamani zaidi, Mixed Mode, ambao data hukaa traki ya kwanza na nyimbo huanzia ya pili. Achana nao. Deki za zamani huipiga ile data kana kwamba ni wimbo, na kinachotoka ni mkwaruzo wa sauti ya juu kabisa, wa kuweza kuharibu spika.

Kabla ya kugusa programu yoyote, piga hesabu ya nafasi. Diski ya dakika 80 husomwa kwa sekta (vipande vidogo vya diski) 75 kila sekunde, yaani sekta 4,500 kwa dakika. Kwenye sekta moja ya data huingia baiti 2,048, kwa hiyo kila dakika ambayo muziki haukuitumia ni MB 9.2 za faili. Ila kufunga sesheni ya kwanza na kufungua ya pili kunakula sekta 11,400, sawa na dakika mbili na nusu hivi. Albamu ya dakika 52 basi inakuachia dakika 25 na nusu, takriban MB 234. MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde hutumia MB 2.4 kwa dakika. Albamu nzima ni MB 125, inaingia bila shida. FLAC (faili za sauti zilizobanwa bila kupoteza ubora) ya albamu hiyohiyo kwa kawaida haitaenea, na sioni sababu ya kuing'ang'ania: traki za sauti zilizo kwenye diski ni ubora uleule kamili. Nafasi inayobaki napendelea kuipa mashairi ya nyimbo, picha za kava na rekodi za ziada.

Sauti ya sesheni ya kwanza iwe WAV (sauti isiyobanwa) ya 44.1 kHz, biti 16, stereo. Programu nyingi hukubadilishia zenyewe, lakini sampuli za 48 kHz zikipenya bila kubadilishwa, wimbo utapiga polepole na kushuka karibu nusutoni moja na nusu. MP3 nazo zitoe kwenye rekodi mama. Kuchukua MP3 na kuirudisha kuwa WAV kwa ajili ya CD hakurudishi kilichokwisha kupotea.

Jambo linalosumbua wengi ni kile kishindo kidogo kati ya nyimbo zilizoungana, mathalani rekodi ya jukwaani. Sekta moja ya sauti hubeba sampuli 588. Ukikata wimbo mahali pasipogawanyika kwa 588, programu hujazia sekta ya mwisho kwa ukimya, na sikio linaudaka. Kata kwenye mpaka wa sekta, kisha choma sesheni nzima kwa mkupuo, yaani DAO (Disc-At-Once). Kuchoma traki mojamoja huweka ukimya wa sekunde mbili kati ya nyimbo.

Kwenye K3b, programu ya kuchomea ya Linux, anzisha mradi wa Mixed Mode, halafu kwenye mipangilio yake chagua data iwe sesheni ya pili. Mengine itayamaliza yenyewe. Kwa mstari wa amri (albamu.toc ni faili inayoorodhesha nyimbo) mimi hufuata njia hii:

cdrdao write --device /dev/sr0 --multi albamu.toc
wodim dev=/dev/sr0 -msinfo
genisoimage -J -r -C 0,245400 -o data.iso folda/
wodim -v dev=/dev/sr0 -xa -pad data.iso

Neno --multi ndilo linaloiacha diski wazi. Ukilisahau, diski imefungwa na hakuna tena cha kuongeza. Amri ya pili hutoa namba mbili, na hizo ndizo za kuandika baada ya -C. Kwa dakika 52 kamili ni 0,245400: sekta 234,000 za muziki na zile 11,400. Anwani za faili huhesabiwa tangu mwanzo wa diski, si mwanzo wa sesheni. Ukitengeneza data.iso bila -C, anwani zote zitaelekeza kwingine: huenda diski isifunguke, au uone majina ya faili na zisifunguke.

Majina ya faili yaanze na 01, 02, na yasiwe na alama ya kuuliza wala nukta pacha. Joliet, mfumo wa majina ya faili unaowekwa na -J kwenye amri, haizikubali, na mwisho wake ni herufi 64. Usiweke programu ya kujifungua yenyewe. Tangu mwaka 2005, CD za Sony BMG zilipogundulika zikipachika programu ya siri kwenye kompyuta za wanunuzi, watu wana haki ya kuitilia shaka diski ya namna hiyo.

Ijaribu kwenye deki, kwenye kompyuta na kwenye gari. Windows itakuonyesha faili, huku nyimbo ukizipata kupitia programu ya muziki. MacOS huonyesha diski mbili. Redio za magari ndizo hazitabiriki: nyingine hukimbilia MP3 na kuziacha traki za sauti, na baadhi zina kitufe cha kubadilisha. Ikikutokea hivyo, usihangaike kuchoma upya. Diski ni nzima.